Hadubini ya OpenFlexure maabarani: tathmini ya chombo kilichochapwa kwa plastiki

Maabara nyingi za kufundishia fiziolojia na baiolojia ya seli katika vyuo vyetu zina hadubini za kutazamia, lakini hazina hadubini ya kurekodi. Mwanafunzi huinama, hufumba jicho moja, huona anachokiona, kisha huchora kwa penseli. Mwalimu naye hubaki bila njia ya kujua kama kilichochorwa ni seli au ni kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo. Hadubini zenye kamera, jukwaa linalosogezwa kwa mota na programu ya kupiga picha kwa mpangilio zipo sokoni, ila bei yake ni ya maabara zenye wafadhili, na zikiharibika husubiri fundi wa wakala ambaye mara nyingi yuko nchi nyingine. OpenFlexure imebuniwa kuziba pengo hilo. Ni hadubini ambayo mwili wake huchapwa kwa printa ya 3D, ukafungwa lenzi za kawaida za hadubini, kamera ndogo na kompyuta ya Raspberry Pi, na michoro yake yote hutolewa bure kwa leseni huria. Nimeitumia katika mazoezi ya wanafunzi na katika kazi ndogo za uchunguzi wa seli na metali, na maoni yangu nayatanguliza: ni chombo bora cha kupiga picha nyingi za kitu kilekile kwa muda mrefu, ni chombo cha wastani tu cha kutazama slaidi haraka haraka, na thamani yake kubwa imo katika jukwaa lake na katika uwezekano wa kulitengeneza hapahapa nchini.

Mradi huu ulianzishwa Uingereza na mwanafizikia Richard Bowman pamoja na wenzake. Maelezo ya kisayansi ya jukwaa lake yalichapishwa mwaka 2016, na ya hadubini kamili mwaka 2020. Kazi ilianzia Chuo Kikuu cha Cambridge, ikahamia Bath na baadaye Glasgow. Kwa msomaji wa Tanzania jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa ya ukuaji wake imefanyika Dar es Salaam na Bagamoyo. Karakana ya STICLab, ambayo baadaye iliendelea kwa jina la Bongo Tech & Research Labs, ilichapa na kuunganisha hadubini hizi jijini, na Taasisi ya Afya Ifakara imezijaribu katika utafiti wa vimelea vya malaria. Hata kibao cha umeme kinachoendesha mota, Sangaboard, kimetokana na ushirikiano huo. Kwa hiyo hatuzungumzii msaada uliotua uwanja wa ndege ndani ya boksi. Tunazungumzia chombo ambacho mafundi wa hapa wamekuwa na mkono katika kukifikisha kilipo.

Nianze na jukwaa, kwa sababu bila kulielewa mtu ataiona hadubini hii kama mwanasesere. Katika hadubini ya kawaida, jukwaa linaloshika slaidi hutelezea juu ya reli za chuma zilizochongwa kwa usahihi mkubwa na kupakwa grisi. Plastiki iliyochapwa haiwezi kutoa reli za namna hiyo: uso wake una mistari ya tabaka, husuguana, hukwama, kisha huruka ghafla. Wabunifu wameliepa tatizo kwa kuondoa utelezi wote. Jukwaa limeshikwa na miguu yenye bawaba nyembamba za plastiki, na linaposukumwa, bawaba hizo hupinda kidogo na kurudi. Hakuna kipande kinachosugua kingine kwenye njia ya jukwaa, kwa hiyo hakuna mkwamo wala mruko. Miguu, bawaba na fremu vyote huchapwa kwa mkupuo mmoja kama kipande kimoja, bila nguzo za muda za kushikilia plastiki wakati wa kuchapa, na hilo peke yake ni kazi ya ubunifu inayostahili heshima.

Mwendo hutolewa na skrubu za kawaida za M3, zile zinazouzwa kwa gramu katika maduka ya vifaa vya ujenzi, zikizungushwa na mota ndogo za volti 5 aina ya 28BYJ-48. Skrubu ya M3 husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na mota yenyewe huugawa mzunguko wa ekseli yake katika hatua takriban 4,096; ukichanganya na giya za plastiki na mikono ya wenzo iliyomo ndani ya mwili, hatua moja ya mota huwa mwendo wa nanomita 70 hivi kwa pembeni na nanomita 50 hivi kwa wima. Tarakimu hizi zina maana tu zikilinganishwa na mahitaji ya lenzi. Lenzi ya mara 100 inayotumia mafuta, yenye namba ya uwazi (kipimo cha upana wa mwanga ambao lenzi hukusanya) ya 1.25, huona kwa ukali unene wa takriban nusu mikromita tu wa kile kilichowekwa chini yake. Hatua ya nanomita 50 ni sehemu moja ya kumi ya unene huo, na kwa hiyo mtu anaweza kuitafuta fokasi bila kuipita, jambo ambalo kwa gurudumu la mkono la hadubini ya bei nafuu huhitaji vidole vya mtu mzoefu.

Kuna gharama mbili za ubunifu huu, na zote mbili zimeelezwa wazi na wabunifu wenyewe. Kwanza, jukwaa lililoshikwa na miguu inayopinda haliendi katika mstari ulionyooka, hufuata tao. Ukilisogeza pembeni, hushuka au hupanda kidogo, na fokasi hupotea. Programu hulifidia kwa kutafuta fokasi upya katika kila kituo, lakini anayesogeza kwa mkono wake kwenye skrini atalikuta tatizo hili mara kwa mara. Pili, masafa ni mafupi: takriban milimita 12 kwa 12 pembeni na milimita 4 kwa wima. Slaidi ya kawaida ina urefu wa milimita 75. Kuichunguza yote kunahitaji kuinua vibanio na kuisogeza kwa mkono, na kila mara unapofanya hivyo unapoteza ramani ya ulikotoka. Kwa filamu nyembamba ya damu, yaani damu iliyotandazwa kwa tabaka jembamba kwenye slaidi, ambayo sehemu yake nzuri ya kusoma ni ndogo, hili halisumbui. Kwa kipande kirefu cha tishu linasumbua sana.

Kuhusu plastiki, wabunifu hupendekeza PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, na mimi nakubaliana nao kwa sharti. PLA ni ngumu, huchapika kirahisi na haijikunji sana inapopoa, sifa ambazo bawaba nyembamba zinazihitaji. Lakini hulainika inapofika nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Dar es Salaam hukaribia kiwango hicho bila shida. Atakayeisafirisha kwenda kwenye kituo cha vijijini aiweke kwenye boksi la kuhifadhi baridi hata kama hakuna barafu ndani yake. Plastiki hii pia hunyonya unyevu, na ukanda wa pwani una unyevu mwingi. Bunda la uzi wa plastiki wa kuchapia lililoachwa wazi kwa wiki kadhaa hutoa uzi unaotokota ndani ya pua ya printa, na tabaka zinazotokana nalo hushikana vibaya. Katika kipande cha mapambo hilo ni suala la sura. Katika bawaba yenye unene usiofika milimita moja ni suala la kuvunjika. Mwili mmoja tuliouagiza kutoka karakana ambayo sitaitaja ulikuja ukiwa mzuri kwa macho, ukakatika mguu pale tu skrubu ya kwanza ilipokazwa, na mpasuko ulifuata mstari wa tabaka kama karatasi inayochanwa kwenye mkunjo wake. Anayeagiza achukue tahadhari rahisi: aulize kama plastiki ilikaushwa kabla ya kuchapwa, na adai kuuona mwili kabla haujaunganishwa, autazame kila mguu dhidi ya mwanga.

Joto lina athari nyingine isiyoonekana kwa macho. PLA hutanuka kwa takriban sehemu 68 katika milioni kwa kila nyuzi moja, maana yake kipande chenye urefu wa sentimita 5 hurefuka kwa zaidi ya mikromita 3 chumba kikipata joto kwa nyuzi moja tu. Ukikumbuka kwamba fokasi ya lenzi ya mafuta ni nusu mikromita, utaelewa kwa nini kiyoyozi kinachowaka na kuzimika huharibu mfululizo wa picha. Habari njema ni kwamba lenzi na jukwaa vimeshikwa na plastiki ileile, hivyo sehemu ya mtanuko hujifuta yenyewe, na maelezo ya mwaka 2016 yaliripoti msogeo usiofika mikromita 20 katika wiki nzima. Katika chumba chenye joto tulivu nimeona uthabiti wa kuridhisha. Katika chumba chenye madirisha wazi na upepo wa mchana, lazima programu iambiwe itafute fokasi kabla ya kila picha, na ikiambiwa hivyo kazi huendelea.

Sasa nije kwenye macho ya chombo. Kuna namna mbili za kukiunda. Namna ya kwanza hutumia lenzi ndogo ileile iliyokuja na kamera, ikiwa imegeuzwa juu chini. Ni rahisi mno na inatosha kumwonyesha mwanafunzi wa sekondari seli za kitunguu. Sitaizungumzia zaidi, kwa sababu kwa utafiti haitoshi. Namna ya pili hutumia lenzi halisi ya hadubini yenye uzi wa kawaida wa kimataifa, ile inayoweza kufunguliwa kutoka kwenye hadubini kuukuu iliyoko stoo, pamoja na lenzi ya ziada yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 inayofupisha njia ya mwanga ili picha itoshee kwenye kamera ndogo. Kwa lenzi ya mara 40 yenye namba ya uwazi 0.65, nukta mbili zilizoachana kwa nusu mikromita hutenganishika. Kwa ile ya mafuta, robo mikromita na kitu. Hiyo ni mipaka ya mwanga wenyewe, na plastiki haiibadilishi. Ninayo haja ya kulisisitiza hili kwa sababu wapo wenzangu wanaodhani kwamba hadubini ya plastiki lazima ione kiplastiki. Lenzi ndiyo inayoona. Mwili kazi yake ni kuishikilia mahali pamoja.

Kamera ndiyo kiungo dhaifu zaidi. Moduli ya kamera ya Raspberry Pi, toleo la pili, ina pikseli milioni 8, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 1.12, na ilitengenezwa kwa ajili ya lenzi ya aina ya simu, ambayo mwanga wake hufika pembeni ukiwa umeinama. Juu ya kila pikseli kuna kilenzi kidogo kilichopangwa kuukubali mwinamo huo. Mwanga wa hadubini hufika ukiwa umenyooka, kwa hiyo pembeni mwa picha vilenzi huumwaga kwenye pikseli za jirani, na matokeo yake ni picha iliyokolea rangi katikati na kufifia ukingoni. Programu hupunguza dosari hiyo kwa kupiga picha ya uwanja mtupu na kuitumia kusawazisha, na kwa jicho la kawaida inatosha. Kwa anayepima rangi, tuseme anayetaka kulinganisha ukolezo wa Giemsa, rangi inayopakwa kwenye slaidi za damu, kati ya seli ya katikati na seli ya pembeni, haitoshi, na namshauri apime katikati ya picha tu.

Msomaji aliyezoea hadubini za shule ajue pia kwamba hii imegeuzwa: lenzi iko chini, mwanga uko juu, na slaidi hulazwa kifudifudi, upande wenye kitu ukitazama chini. Mwanzoni wanafunzi huliona jambo hili kuwa kituko. Faida yake huonekana unapotazama kitu kilichomo kwenye kimiminika, kwa sababu seli hutua zenyewe juu ya kioo kilicho karibu na lenzi na kukaa ndani ya fokasi. Hasara yake huonekana unapotumia mafuta, ambayo hutiririka kwenye shingo ya lenzi na, yakizidi, hufika kwenye plastiki. Tone dogo, tena dogo sana, na karatasi ya kufutia iwe karibu.

Zoezi lililonishawishi zaidi ni lile la zamani la seli nyekundu za damu na maji ya chumvi. Kila kitabu cha fiziolojia hulieleza: katika mmumunyo wa asilimia 0.9 seli hubaki na umbo lake la kisahani. Katika mmumunyo mkali zaidi hunywea na kuota miiba. Katika mmumunyo hafifu hujaa maji, na kuanzia karibu asilimia 0.45 kushuka chini huanza kupasuka. Kwa hadubini ya kutazamia, darasa zima hupanga foleni, na anayefika wa mwisho hukuta kila kitu kimekwisha. Hapa tulitia seli kwenye mmumunyo wa kawaida, tukaiweka programu ipige picha kwa kufuatana, kisha tukaingiza mmumunyo mkali kwa ukingo wa kioo cha kufunikia huku karatasi ya kunyonyea ikiwa upande wa pili. Mstari wa mabadiliko ulionekana ukipita kwenye skrini kutoka kushoto kwenda kulia, seli moja baada ya nyingine zikiota miiba. Baadaye wanafunzi waliurudia mfululizo huo picha kwa picha, wakachagua seli zao, wakapima kipenyo chake kabla na baada, na wakachora grafu. Seli nyekundu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, kwa hiyo hata lenzi ya mara 40 hutoa pikseli za kutosha kwa kipimo cha maana. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanafunzi aliyeambiwa kwamba seli hunywea na mwanafunzi aliyepima ni kwa kiasi gani imenywea, na chombo hiki kwa kazi hiyo nakipa alama zote.

Kwa slaidi za malaria za kufundishia, zilizopakwa Giemsa, matokeo ni mazuri kwa masharti. Vimelea vichanga vyenye umbo la pete ndani ya seli huonekana wazi kwa lenzi ya mafuta, kiini chake chekundu na uzi wa bluu wa sitoplazimu vikitofautishika. Lakini msomaji mzoefu wa filamu nene hutakiwa kupitia angalau nyuga 100, yaani maeneo yanayoonekana kwa mara moja, kabla ya kutamka kwamba hakuna vimelea, na uga unaoonekana kwenye kamera hii ni mdogo kuliko ule wa lenzi ya jicho. Mtaalamu wa maabara aliyezoea ataimaliza slaidi kwa jicho lake huku hadubini hii ikiwa bado inatafuta fokasi ya uga wa kumi na kitu. Nguvu yake iko kwingine: inaweza kuzipiga nyuga zote hizo yenyewe, ikazihifadhi, na mtu mwingine akazisoma mji mwingine au baada ya mwezi. Kwa mafunzo, kwa kuhakiki ubora wa wasomaji na kwa utafiti wa programu za kutambua vimelea, hilo ni jambo kubwa. Kwa kutoa majibu ya mgonjwa, naishauri maabara itumie hadubini iliyokubaliwa kwa kazi hiyo na kuiweka hii kuwa ya utafiti.

Njia ambayo programu hutumia kutafuta fokasi inastahili aya yake, kwa werevu tu. Kamera hutuma picha zilizobanwa kwa muundo wa JPEG. Picha yenye ukungu ina maelezo machache, hivyo hubanika na kuwa faili dogo. Picha kali ina maelezo mengi, hivyo faili lake huwa kubwa. Programu hupandisha lenzi kwa mwendo mmoja huku ikipima ukubwa wa mafaili yanayopita, kisha hurudi pale ukubwa ulipofika kileleni. Haihitaji kuichambua picha yenyewe, na kompyuta ndogo ya bei nafuu huimudu kazi hiyo ndani ya sekunde chache. Mahali inapokosea ni pale slaidi ilipo karibu tupu, au penye vumbi upande wa pili wa kioo: huweza kulipendelea vumbi. Safisha kioo kwanza.

Upande wa sayansi ya vifaa nilikuwa na matarajio madogo, nikakuta zaidi. Hadubini hii inaweza kuundwa kwa namna ya kumulika kutoka chini kupitia lenzi ileile inayotazama, kwa kutumia kioo kinachogawa mwanga, na kwa kuwa lenzi iko chini, kipande cha metali hulazwa tu uso wake uliong'arishwa ukitazama chini, kama ilivyo katika hadubini nyingi za metali za viwandani. Tulikata kipande chembamba cha nondo ya ujenzi, tukaking'arisha kwa msasa wa kufuatana hadi unga wa alumina, kisha tukakichovya katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki asilimia 2 katika ethanoli. Nondo za kisasa zilizopozwa ghafla kwa maji huwa na ganda gumu la nje na kiini laini, na mpaka wa kanda hizo ulionekana kwa macho matupu; chini ya lenzi, punje nyeupe za feriti (chuma karibu kitupu) na visiwa vyeusi vya pealiti (matabaka ya feriti na kabidi ya chuma) vya kiini vilijitokeza vizuri vya kutosha kuhesabiwa. Mistari ya ndani ya pealiti ilionekana mahali pachache tu, pale ilipoachana vya kutosha, na hapo ndipo uwezo wa mwanga unapoishia.

Tahadhari mbili kwa watu wa metali. Lenzi nyingi za kibaiolojia zimeandikwa 160/0.17 ubavuni, maana yake zimesahihishwa kwa kioo cha kufunikia chenye unene wa milimita 0.17. Metali haina kioo hicho, na lenzi ya mara 40 huonyesha ukungu ambao wengi huutupia lawama plastiki. Tafuta lenzi iliyoandikwa sifuri au mstari mahali pa 0.17. Tahadhari ya pili ni uzito: jukwaa linalosimama juu ya bawaba huinama likibebeshwa kipande kizito, hivyo lipe muda wa kutulia kabla ya kupiga picha. Kipande cha unene wa milimita chache kinafaa; bonge la chuma halifai.

Kuna mambo ya umeme ambayo mwongozo wa Ulaya hauyapi uzito. Raspberry Pi huhifadhi programu na picha kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi hiyo huweza kuharibika umeme ukikatika ghafla wakati inaandikwa. Katika maabara zetu kukatika kwa umeme si habari. Weka betri ya akiba kati ya soketi na hadubini, hamishia picha kwenye diski ya nje kila jioni, na tunza nakala ya kadi nzima kabatini. Usitumie chaja ya simu. Kompyuta hii huhitaji volti 5 zisizoyumba na ampea 3, na ikipungukiwa huanza kujizima bila kueleza sababu.

Gharama hutegemea sana toleo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bath kilikadiria kuwa toleo la chini kabisa hugharimu kama pauni 15, na toleo kamili lenye lenzi halisi na kompyuta hufika pauni mia mbili hivi. Kwa hapa kwetu plastiki, skrubu na mota ni fedha ndogo. Lenzi, kompyuta na ushuru wa kuviingiza ndivyo vinavyobeba bei. Maabara yenye hadubini kuukuu zilizovunjika miili lakini lenzi zake zikiwa safi tayari ina nusu ya gharama mkononi. Vipuri ndipo ninapoiona tofauti kubwa zaidi na hadubini za madukani: mguu ulipokatika tulichapa mwili mwingine, tukahamisha lenzi, kamera na mota, na kazi ikaendelea bila barua ya ununuzi hata moja. Pete za mpira zinazorudisha mikono ya wenzo ndizo huchoka mapema. Nunua zile za mpira wa aina ya Viton, kwa sababu zinavumilia mafuta.

Anayeanza aagize hadubini moja iliyokwisha kuunganishwa na karakana yenye uzoefu, yenye lenzi ya mara 40 na mwanga wa juu, pamoja na mwili mmoja wa ziada usiounganishwa. Ile ya kwanza itafanya kazi. Ule wa pili fundi wa maabara auunganishe mwenyewe kwa kufuata mwongozo, akitumia lenzi za stoo, ili ajue kila skrubu inakaa wapi. Lenzi ya mafuta na kioo cha kugawa mwanga vinaweza kusubiri hadi watumiaji watakapolalamika kwamba mara 40 haiwatoshi. Atakayetaka kuiweka ndani ya inkubeta pamoja na seli hai aanze na vipindi vifupi: nyuzi 37 haziidhuru PLA, lakini unyevu wa humo ndani huvidhuru vibao vya umeme. Vyombo vya kuoteshea seli vyenye sakafu nene ya plastiki navyo havifai kwa lenzi za nguvu kubwa. Vitafutwe vyenye sakafu ya kioo chembamba.